Mzee wako hanywi maji? Anza na choo kabla ya kikombe

BintiMlezi (mtoa mada)

Habari zenu wakuu.

Ninaishi na mama yangu, ana miaka 81, na huu ni mwaka wa sita nikimhudumia. Nimeleta uzi huu kwa sababu kuna jambo nililijua kwa kuchelewa, na kuchelewa huko nusura kuniondolee mama.

Asubuhi moja nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ndala moja mguuni, nyingine kaishika mkononi, akaniuliza kama mgeni ameshapewa chakula. Hakukuwa na mgeni. Usiku tuliagana vizuri, akili zake timamu. Nikawaza kiharusi, nikawaza labda ndiyo kusahau kwa uzee kumeanza. Hospitalini wakapima damu: sodiamu (chumvi iliyomo kwenye damu) imepanda, figo zimelemewa, na juu yake ana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Daktari akaniuliza, "Jana alikunywa nini?" Nikajibu, "Anakunywa kawaida." Akarudia taratibu: "Jana. Tangu alipoamka. Alikunywa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilichojua ni kwamba kila asubuhi namwekea jagi la maji na glasi kando ya kitanda, na kila jioni namwaga yaliyobaki ili kesho niweke mengine. Miezi yote hiyo mkono wangu ulikuwa unalisikia lile jagi lilivyo zito, na sikuwahi kujiuliza kwa nini ni zito.

Siku ya pili ya dripu mama akaniita kwa jina langu.

Tangu hapo nimesoma na kuuliza sana. La kwanza nililolielewa ni kwamba swali la "mama, una kiu?" halina kazi. Atakujibu "sina", na hakudanganyi. Mwaka 1984 kwenye jarida la New England Journal of Medicine ilichapishwa kazi ya watafiti waliowaweka wazee wenye afya njema na vijana bila maji kwa saa 24, kisha wakawaachia wanywe wapendavyo. Damu za wazee ndizo zilizoonyesha kukaukiwa zaidi, lakini wazee haohao hawakuhisi kiu ya maana, na walipopewa maji wakanywa kidogo kuliko vijana. Kumbuka hao walikuwa wazima, si wagonjwa.

Pia mwili wenyewe umebadilika. Kijana maji ni karibu asilimia 60 ya uzito wake. Kwa mzee yanashuka kukaribia nusu, kwa sababu misuli imepungua na misuli ndiyo inayobeba maji mengi. Figo nazo haziwezi tena kuyabana maji kama zamani, kwa hiyo mzee anayapoteza kwenye mkojo maji ambayo mwili wa kijana ungeyabakiza. Siku moja tu ya kunywa kidogo, ambayo mimi na wewe hata hatuioni, kwake inaweza kutosha kumwangusha.

Sasa, nikarudi nyumbani na bidii yangu yote. Nikawa namfuata na glasi kama askari. Anapokea, anasema ahsante mwanangu, nikigeuka anaiweka chini. Tuligombana kwa wiki mbili. Mpaka usiku mmoja nikasikia vishindo, nikamkuta ameshika ukuta wa korido gizani, anatetemeka, nguo imelowa. Akalia. Ndipo akaniambia: miezi kadhaa nyuma alishateleza akienda chooni usiku, akanificha. Tangu hapo akajipangia mwenyewe: nikinywa nitaenda, nikienda nitaanguka, basi sinywi.

Mimi nilikuwa napigania kikombe wakati tatizo liko chooni. Aliyekuwa hanywi maji alikuwa ameshafanya hesabu yake, na hesabu yake ilikuwa na akili.

Tulichofanya: taa ndogo inayowaka usiku kucha kati ya chumba chake na choo. Reli ya kushikia ukutani, pande zote mbili za choo. Kiti kimeinuliwa ili asiinuke kwa kujikamua. Zulia la korido nimeliondoa. Kwa usiku, kiti cha choo kando ya kitanda, na nimempigia pazia kwa sababu heshima yake bado anaihitaji. Mchana tunakwenda kwa saa, kila baada ya saa mbili hivi, hatusubiri abanwe. Na nikamwambia waziwazi kwamba nguo ikilowa ni nguo, inafuliwa.

Wiki hiyohiyo alianza kumaliza kikombe bila kuambiwa.

Wenye wazee nyumbani, ninyi mnafanyaje? Karibuni.

---

Kitinda

Dada, pole sana, na ahsante. Umenifungua macho kuhusu baba. Yeye hasemi neno, ila nimeona tukiwa na safari hanywi kitu tangu jana yake. Kumbe ni hilo.

Naomba kuuliza, ni kiasi gani kwa siku? Kuna wanaosema lita tatu, wengine nusu ya uzito wako, sijui nimsikilize nani.

---

BintiMlezi

Kitinda, kipimo ninachokifuata ni cha chama cha lishe ya kitabibu cha Ulaya, ESPEN: mwanamke mzee angalau lita 1.6 za vinywaji kwa siku, mwanamume angalau lita 2, kama hana ugonjwa unaobadilisha hesabu hiyo. Ni vinywaji, si maji peke yake. Chai imo, maziwa yamo, juisi imo, hata kahawa imo kwa aliyeizoea. Kwa glasi ya mililita 200 hiyo ni glasi nane kwa mama, kumi kwa baba.

Lakini tafadhali, pima kikombe chake. Mimi nilikuwa nahesabu "vikombe" vya mama kwa furaha, siku nilipokipima kwa chupa yenye alama nikakuta kinabeba 180, na kila mara anaacha kama vidole viwili chini. Nilichokuwa naandika vikombe sita kilikuwa hata lita haifiki.

---

Tumaini_la_Baba

Mimi naogopa huu uzi kidogo. Baba yangu ana ugonjwa wa moyo, moyo hausukumi vizuri, miguu ilikuwa inavimba. Daktari alisema asizidishe lita moja na nusu. Sasa kila mtu ananiambia mpe maji, mpe maji. Nifanye lipi?

---

Nesi_wa_Zamu

Tumaini, fuata la daktari wako. Hesabu aliyoandika mtoa mada ni ya mzee asiye na kizuizi. Mwenye moyo unaoshindwa kusukuma, au figo zilizofika mbali, hesabu yake huwekwa na wanaomtibu, na kumwongezea kwa huruma kunaweza kumjaza maji mapafuni.

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya wazee miaka mingi, naomba niseme na upande wa pili. Familia nyingi zikiambiwa "asizidishe lita moja na nusu" zinasikia "asinywe". Mzee anakuja wodini amekauka, na juu ya hapo anaendelea kumeza dawa za kukojosha. Lita moja na nusu ni dari, lakini ndani ya dari hiyo anatakiwa anywe.

Njia ninayowafundisha ndugu: asubuhi jaza jagi maji ya kipimo chake cha siku. Kila anachokunywa, iwe chai, supu, uji au maji ya kumezea dawa, mwaga kiasi hichohicho kutoka kwenye jagi. Mnachokiona kimebaki ndicho alichobakiwa nacho. Hakuna kubishana, hakuna kusahau. Na mpime uzito kila asubuhi, akishatoka kukojoa na kabla hajala, mzani uleule. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, msisubiri kliniki, pigeni simu.

Dawa ya kukojosha, muulizeni daktari kama inaweza kumezwa asubuhi. Nimeona wazee wanaimeza jioni halafu wanakesha chooni, mwisho wanaacha kunywa maji ili walale. Wenye miguu inayovimba nao, akilala tu yale maji ya miguuni yanarudi kwenye damu na figo zinaanza kazi usiku. Ainue miguu mchana saa moja au mbili, akojoe kabla ya kulala.

---

Tumaini_la_Baba

Nesi, hii ya jagi sijawahi kuambiwa na mtu. Naanza kesho.

---

MjukuuWaBibi

Kwetu shida ni nyingine. Bibi ana ugonjwa wa kusahau, umefika mbali. Haogopi choo wala nini, ni kwamba hajui tena kikombe ni cha nini. Unamwekea mezani anakitazama, anakisogeza, anakifunika na kitambaa. Ukimwambia "bibi kunywa" anasema ndiyo, halafu hafanyi.

Nililogundua mimi: neno halimfikii, lakini mkono unakumbuka. Nakiweka kikombe mkononi mwake, naifunga mikono yake yote miwili, kisha mimi nachukua changu nakunywa mbele yake, namtazama. Hapo anainua. Nikishusha anashusha. Tunakwenda hivyo mafunda kumi, kumi na tano. Nikiondoka katikati, kikombe kinabaki hewani hadi kinamwagika. Kwa hiyo siondoki. Ni dakika kumi, mara sita au saba kwa siku, na ndizo dakika pekee ananitazama usoni muda mrefu.

Kikombe cha glasi isiyo na rangi hakioni. Maji hayana rangi, glasi haina rangi, meza nyeupe. Tulibadilisha tukaweka kikombe chekundu kabisa, tofauti ni kubwa.

---

Nesi_wa_Zamu

Mjukuu, hilo la rangi lina ushahidi. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Boston, Marekani, waliowapa wagonjwa wachache wa Alzheimer (aina ya ugonjwa wa kusahau) iliyokomaa vyombo vyekundu vinavyokoza badala ya vyeupe. Unywaji ukapanda kwa asilimia 84, chakula asilimia 25. Baadaye waliona hata buluu iliyokoza inasaidia. Kinachohitajika ni chombo kitofautiane na meza na kilichomo ndani, kwa sababu ugonjwa ule unapunguza uwezo wa jicho kutenganisha vitu vinavyofanana.

Na kuna kijana wa Uingereza, Lewis Hornby, bibi yake mwenye kusahau alilazwa kwa kukaukiwa. Akaona bibi anaacha maji lakini peremende anazikimbilia, akatengeneza vidonge laini vya rangi ambavyo sehemu kubwa sana ni maji. Si lazima muvitafute hivyo. Somo ni kwamba alimchunguza bibi mkono wake unakwenda wapi wenyewe. Tikiti maji lililokatwa vipande vya kushika kwa vidole, tango, chungwa, mtindi, supu, vyote hivyo ni maji yanayoliwa.

---

Fundi76

Mimi mzee wangu simbembelezi. Lita tatu na nusu za maji kila siku, chupa kubwa mbili, asubuhi anazianza hadi zimalizike. Na napima kwa kubana ngozi ya mkono, ikirudi haraka najua maji yapo. Mkojo ukiwa mweupe, kazi imekwisha. Hajawahi kukaukiwa.

---

Nesi_wa_Zamu

Kaka Fundi76, naona unavyompenda mzee wako, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Ngozi kwanza. Ngozi ya mzee imepoteza mvutano wake. Ukiibana inabaki imesimama hata kama amekunywa vya kutosha, na wakati mwingine inarudi ilhali amekauka. Kinywa kikavu kinaweza kuwa ni dawa anazotumia, au analala mdomo wazi. Rangi ya mkojo inabadilishwa na dawa na vitamini, na figo ya mzee inaweza kutoa mkojo mweupe huku mwili unalia maji. Ndiyo maana miongozo ya wazee inasema vipimo hivyo visitegemewe. Kinachosema kweli ni damu, kile kipimo cha osmolaliti, kinachoonyesha damu ilivyokolea. Ikizidi 300, amekauka.

Nyumbani mtazame kilichobadilika ghafla. Jana alikuwa anaongea vizuri leo anachanganya, amekuwa wa kusinzia mchana, anapepesuka akisimama, ameanguka, choo kimekuwa kigumu, amekojoa mara moja tangu asubuhi. Kuchanganyikiwa kwa saa au siku chache si uzee. Usahaulifu wa uzee huja polepole kwa miezi na miaka. Ukiona ghafla, mpeleke.

Pili, lita tatu na nusu ni nyingi mno kwa wazee wengi, hasa za maji matupu. Figo ileile isiyoweza kubana maji haiwezi pia kuyatoa kwa kasi. Sodiamu kwenye damu inashuka, na dalili zake ndizo zilezile: kuchanganyikiwa, kupepesuka, kuanguka, ikizidi degedege. Akiwa anatumia vidonge vya presha vya jamii ya haidroklorothiazaidi hatari inapanda zaidi. Anatumia dawa gani?

---

Fundi76

Anatumia hiyohiyo uliyoitaja. Na amekuwa akilalamika kichwa na kuishiwa nguvu, nikawa namwambia anywe zaidi.

---

Nesi_wa_Zamu

Basi leo punguza, usimpe yale ya kulazimisha, na kesho asubuhi mpeleke apimwe sodiamu. Akianza kuchanganya maneno au kutapika kabla ya hapo, mpeleke saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana. Dawa usimwachishe mwenyewe, waambie wanaompima ulichokuwa unampa kwa siku, usifiche hata glasi moja.

---

Fundi76

Nimekuelewa dada. Kesho tunakwenda.

---

Sauti_ya_Upole

Naomba kuongeza la kumeza. Mume wangu alipata kiharusi. Kila akinywa maji anakohoa, na akimaliza sauti yake inakuwa kama yenye maji ndani. Nikadhani ni mafua. Kumbe maji yalikuwa yanapita njia ya pumzi. Aliugua nimonia mara mbili kabla hajapimwa na mtaalamu wa kumeza.

Sasa vinywaji vyake vinatiwa unga wa kuvifanya vizito, kwa kipimo kilichoandikwa. Anakaa wima kabisa, kidevu hakinyanyuki juu, funda dogo, anameza, nangoja, ndipo lingine. Baada ya kunywa anabaki amekaa nusu saa. Tuna kikombe kilichokatwa upande wa pua, ili akikiinamisha kisimgonge pua na kumlazimisha arudishe kichwa nyuma. Mrija tuliambiwa tuuache, unaleta maji mengi kwa mkupuo. Kwa mwingine mrija unaweza kuwa sawa, ndiyo maana lazima apimwe yeye.

Mkiona mzee anakohoa akinywa, msimkazanie kunywa. Mtafutieni kipimo kwanza.

---

Kitinda

Na siku za kuharisha au joto kali?

---

Nesi_wa_Zamu

Joto lisichukuliwe kirahisi. Agosti 2003 Ufaransa ilipata wimbi la joto, vifo vikazidi vya kawaida kwa karibu 15,000 ndani ya majuma machache, wengi wao wazee, na wengi waliokuwa peke yao. Siku za joto mzee anahitaji mtu wa kumpitia mara kwa mara kwa macho. Kupiga simu hakutoshi, kwa sababu kwenye simu atakwambia yuko salama.

Akiharisha au kutapika, ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Changanya kwa maji yaleyale yaliyoandikwa kwenye pakiti, nyingi ni lita moja. Usiongeze ili isiwe chungu wala usipunguze ili iwe kali. Mpe kidogokidogo, hata kwa kijiko, kila dakika chache. Na jambo ambalo familia nyingi haziambiwi: kuna dawa ambazo daktari huzisimamisha kwa muda siku za namna hii, kama za kukojosha, baadhi ya za presha, metformini ya kisukari, na za maumivu kama ibuprofeni, kwa sababu zikikutana na mwili mkavu zinaumiza figo au kuleta madhara mengine. Usiamue wewe. Muulize daktari leo akiwa mzima, akuandikie kwenye karatasi: akiharisha, hii aache, hii aendelee, na anipigie lini. Karatasi ikae ukutani.

---

BintiMlezi

Ahsanteni sana wote, nimejifunza mengi kuliko niliyoleta.

Niongeze viwili ambavyo vilinichukua muda. Nilidhani mama akinywa kidogo atabanwa kidogo. Kumbe mkojo mzito unakichokoza kibofu, anahisi kubanwa mara nyingi zaidi na kwa ghafla zaidi. Tangu aanze kunywa vizuri, kule kukimbilia chooni kumepungua. Nilimwonyesha hilo kwenye daftari lake mwenyewe, maana anapenda kuona mambo yameandikwa, na ndipo aliponiamini.

La pili ni saa. Sehemu kubwa ya kinywaji chake tunaimaliza kabla ya jua kuzama. Akiamka tu, kabla hata ya kupiga mswaki, glasi moja ya uvuguvugu. Kila dawa na glasi nzima, si funda moja. Saa mbili kabla ya kulala anapunguza, ila kikombe kidogo kinabaki kando ya kitanda, kwa sababu kinywa kikimkauka usiku asije akaamka kukitafuta gizani.

Na meno ya bandia, yaangalieni. Ya mama yalikuwa yamelegea, kinywaji chochote cha baridi kilimuuma. Hakuwa amesema.

---

Fundi76

Narudi kutoa ripoti. Tumetoka hospitali. Sodiamu ilikuwa chini, wamemlaza usiku mmoja, wamembadilishia dawa ya presha na kumpangia lita moja na robo kwa muda, turudi baada ya wiki kupimwa tena. Leo kichwa hakimuumi, ameomba redio yake.

Nesi, nimenunua jagi.

---

Tumaini_la_Baba

Siku ya tisa ya jagi. Jana saa kumi jioni baba alilitazama, akasema, "Bado nina glasi mbili zangu humo." Akaniomba nimmiminie moja.